Nusu ya Habari Niliyoikata

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia nashindwa kumeza chai. Nitakusimulia, na nitasimulia kwa hasira, kwa sababu juzi darasani uliniambia kwamba kosa si lako, ni la programu. Ulisema hivyo ukicheka. Mimi sikucheka. Nilifunga laptopu yangu nikatoka nje, na wenzako wakadhani naumwa na kichwa. Najua mnaniita mathe. Nina miaka thelathini na mmoja na sijazaa, lakini katika kazi hii yetu, mtu aliyeanza kabla ya simu kujua kujibu maswali ni mzee. Kwa hivyo nitakuita mwanangu, nawe utavumilia.

Kazi hii nilijifunza peke yangu, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu yangu pale Buruburu. Kuka, ndivyo kwetu tunavyomwita babu, alikuwa amestaafu reli, na mimi nilikuwa nimeacha chuo. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na kompyuta kuukuu na woga mwingi. Aliyejifunza mwenyewe huogopa siku zote kwamba kuna jambo ambalo wengine waliambiwa siku ya kwanza, naye hakuwepo. Kwa hivyo nilirudia kila kitu mara kumi. Mstari ukipinda kidogo kwenye kioo, chakula hakishuki. Nilidhani huo ndio umakini. Nilijisifu kwa huo ugonjwa, hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Nilipofika miaka ishirini na minne nilitengeneza ukurasa wa habari za Eastlands. Niliandika programu iliyozunguka mtandaoni ikiokota kila habari yenye jina la Buruburu, Kariobangi, Kiamaiko au Jogoo Road, ikazichanganya na mambo makubwa ya dunia: vita vya huko, uchaguzi wa kule, simu mpya iliyotoka. Kila habari ilikaa ndani ya kisanduku chake, picha juu, kichwa cha habari chini. Halafu programu yenyewe ilituma visanduku hivyo kwenye magrupu ya mitaa. Mimi nilikuwa nimelala au niko kanisani, habari zinakwenda. Watu walinisifu. Niliona fahari kwamba hakuna mkono wa mtu uliogusa chochote.

Tatizo lilikuwa visanduku. Habari moja ilikuwa na kichwa kifupi, nyingine kirefu, na visanduku vikawa vya kimo tofauti kama meno ya mtoto. Nilikonda, mwanangu. Wiki nzima nilipima kioo cha kompyuta kwa rula ya shule. Mwishowe niliiamuru programu ikate kila kichwa cha habari kinapofika mwisho wa mstari wa pili. Ilikata vizuri, mahali palipo na nafasi, haikupasua neno. Na vile vidoto vitatu vinavyomwonyesha msomaji kwamba maneno yanaendelea, niliviondoa kwa mkono wangu, pamoja na alama yoyote inayobaki mwishoni, kwa sababu vilinichafulia ukingo. Visanduku vikalingana vyote. Nilivitazama siku nzima. Nilimwita kuka avione, akasema, "Ni vizuri," akarudi kwenye redio yake.

Sasa sikiliza kilichotokea. Katika nchi moja ya mbali, mbuzi walikufa kwa ugonjwa, na mtu akapiga video ya mizoga imerundikwa shimoni. Mtu mwingine, sijui nani na sitamjua kamwe, akaichukua video hiyo akaandika kwa Kiswahili kwamba ni Kiamaiko, kwenye soko letu la mbuzi. Waandishi fulani wenye akili waliichunguza, wakagundua uongo, wakaandika habari ya kuwatuliza watu. Kichwa chake kilikuwa hivi: Mbuzi wagonjwa wachinjwa Kiamaiko na kuuzwa sokoni? Hapana, video hiyo ni ya nchi nyingine.

Programu yangu iliiokota, ikaikata mwisho wa mstari wa pili, ikaifuta na alama ya kuuliza iliyobaki mwishoni. Kwenye kila grupu la Kariobangi ikafika picha ya mizoga, na chini yake, kwa herufi nzuri nilizozichagua mwenyewe: Mbuzi wagonjwa wachinjwa Kiamaiko na kuuzwa sokoni.

Wale waandishi walizima moto. Mimi niliuwasha kwa maneno yao wenyewe.

Pale Kariobangi, kwenye lango la uwanja wa mafundi wa jua kali, wafuao vyuma na majiko nje, kulikuwa na Mama Njoki. Alipika supu ya vichwa na miguu ya mbuzi tangu Njoki wake akiwa mgongoni, na kila fundi alijua vichwa vile vinatoka Kiamaiko, kwa sababu alipita navyo asubuhi ndani ya ndoo. Asubuhi ile mafundi walikuwa wamekwisha kunywa supu, simu zikaanza kulia. Mmoja alitapika. Mwingine akapiga kelele kwamba mama huyu anatuua. Katika kusukumana meza iligonga jiko, sufuria ikapinduka, na supu iliyokuwa ikichemka ikamwagika juu ya mguu wa kushoto wa Mama Njoki. Mwenye uwanja akaja, akatazama video kwenye simu ya mtu, akamwambia aondoe jiko lake na asirudi.

Kufukuzwa huko nilikujua saa nne, nikinywa chai, kwa sababu mtu aliandika kwenye grupu la mtaa: mama wa supu mbaya amefukuzwa, asante kwa ukurasa wa habari. Asante. Nilifungua habari yenyewe, nikaisoma mpaka mwisho kwa mara ya kwanza.

Unajua nilifanya nini kwanza? Niliandika masahihisho. Nikayapanga vizuri, nikatafuta rangi inayofaa. Nikayatuma. Watu wachache waliyaona, hakuna aliyeyapeleka mbele. Wakati huo huo ile ya uongo ilikuwa inanirudia kutoka magrupu nisiyoyajua, na juu yake wameandika: nimetuma kama nilivyopokea. Shangazi yangu wa kanisani alinitumia akinionya nisile supu. Nikuambie, mwanangu, hakuna sentensi ninayoichukia katika nchi hii kama hiyo ya nimetuma kama nilivyopokea. Mtu anarusha jiwe, kisha anaandika juu yake kwamba hakulichonga yeye. Na waliotengeneza programu hizi za kutuma waliweka kitufe cha kusambaza karibu kabisa na kidole gumba, lakini cha kufungua na kusoma mpaka mwisho hawakukiweka popote. Wanajua wanachofanya. Wanalipwa vizuri kwa kukijua. Mimi sikulipwa, nikafanya vile vile.

Nikaenda sebuleni kwa kuka. Nilianza kama ulivyoanza wewe juzi. Nilimwambia, "Programu imekosea."

Alizima redio. Kuka hakuwa mtu wa kuzima redio wakati wa taarifa ya habari.

"Nani aliiandika?"

"Mimi."

"Nani aliiambia maneno ya mwisho hayana kazi?"

Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema, na nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo. Alikuwa mpokeaji wa ujumbe katika stesheni ndogo, upande ambao treni zinazokwenda na zinazokuja hutumia njia moja. Ujumbe wa simu ukiingia, aliuandika, halafu akamsomea aliyeupiga, neno kwa neno, mpaka mwisho, na yule akasema ndiyo. Kabla ya hiyo ndiyo, treni haisogei, hata kama dereva anatukana, hata kama ndani yake kuna waziri. "Mwenzangu mmoja aliona anajua ujumbe unaishia wapi," alisema. "Akakata simu. Nilikwenda kusaidia kutoa watu kwenye mabehewa. Sasa wewe umekaa hapo nyumbani kwangu na rula, unakata." Nilidhani atanipiga, mtu ambaye hakuwahi kunipiga. "Vaa viatu uende kwa huyo mama. Usimpigie simu."

Mama Njoki alikuwa nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, mguu umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya stuli. Nilijitambulisha, nikasema ukurasa ni wangu.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema. "Nilidhani ni mwanamume mwenye tai."

Nilimsomea habari yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaniambia nisome tena. Nikasoma.

"Hiyo hapana," akauliza, "hiyo hapana uliiweka wapi?"

"Niliikata, mama."

"Kwa nini?"

"Haikutosha kwenye kisanduku."

Akacheka, kicheko ambacho sitaki ukisikie maishani mwako. "Haki ya Mungu. Mguu wangu umeiva kwa sababu ya kisanduku." Kisha akaacha kucheka. "Mimi siwezi kutembea. Wewe unaweza. Utatembea uwanja wote ule, fundi kwa fundi, na utawasomea kama ulivyonisomea mimi. Usiwaonyeshe simu. Simu wameshaona."

Nilitembea. Mimi ambaye nilikuwa siwezi kuomba chumvi dukani bila kurudia maneno moyoni, nilisimama mbele ya watu wenye nyundo na mashine za kuchomelea, nikasoma kwa sauti. Wa kwanza alisema, "Ongeza sauti, madam, hapa si library." Wa pili aliniuliza kama mbuzi wamenituma. Mmoja, fundi wa majiko mwenye kofia nyekundu, alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono taratibu.

"Sasa wewe ndio ulituambia tusikule?"

"Ni mimi."

"Na sasa unatuambia tukule?"

"Nakwambia video si ya hapa."

"Na kesho utatuambia nini?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi ndio nilisukuma hiyo meza," alisema kwa sauti ya chini. "Na huyo mathe alinikopesha chakula nikiwa sina kazi. Wewe enda tu, madam. Nimesikia."

Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimejiona mimi peke yangu ndiye mkosaji, na hata huo ulikuwa ubinafsi. Nilikuwa nimemfanya mtu mwema kuwa mtu wa kusukuma meza.

Siku tatu niliutembea uwanja ule. Mwenye uwanja alinikimbia mara mbili, mara ya tatu nikamkuta kwenye choo cha nje, nikamsubiri mlangoni, nikamsomea alipotoka. Mguu ulipopona kiasi, Mama Njoki aliruhusiwa kurudi, lakini si pale langoni pake. Alipewa kona ya nyuma, kando ya mtaro, mahali pa vyuma chakavu. Aliweka sharti: wiki nzima nije asubuhi, nikae kwenye benchi, ninywe bakuli la kwanza wakinitazama. Mimi sili kichwa cha mbuzi, mwanangu. Siku ya kwanza alinipa chenye sikio na jicho, nadhani kwa makusudi. Nilikula. Fundi wa kofia nyekundu alikaa karibu nami, akaagiza chake bila kusema neno. Siku ya nne walikuwa watu sita. Wengine hawakurudi kamwe, na bado wapo wanaopita mbali na kona ile, hawakumbuki tena ni kwa nini. Mama Njoki anachechemea kidogo wakati wa baridi. Hunisalimu nikipita. Jina langu hajawahi kuliita.

Ukurasa niliufunga. Usidhani nimeacha kuipenda kazi hii. Bado programu mpya ikitoka naisakama mpaka niione ndani, na bado nasoma habari za dunia nzima kabla ya kifungua kinywa. Lakini nina hasira, na naomba isinipoe. Nina hasira nikiwaona mkipanga rangi za vitufe wiki mbili, kisha yaliyomo ndani mkayaachia mashine iokote popote. Nilijua kupima kila kitu kwenye kioo kile isipokuwa kama kinasema kweli.

Basi shika hili. Ulichokiandika kikifanya jambo, umelifanya wewe. Usiseme programu. Kabla hujatuma habari, ifungue uisome mpaka nukta ya mwisho, na kama inamtaja mtu au mahali pa watu, mtafute mtu wa pale umuulize kwa mdomo. Ukiona huna muda wa kuuliza, basi huna muda wa kutuma. Na ukishaumiza mtu, usitengeneze tangazo zuri. Nenda kwake kwa miguu, kaa mahali atakapokuonyesha, na ufanye atakachokwambia mpaka aseme inatosha. Asiposema, endelea.

Mungu akupe macho ya kufika mwisho wa mstari. Akupe kazi ambayo mtu akiikuta barabarani hataiogopa. Akulinde na sifa za watu wasiokujua, na siku ukikosea, kwa maana utakosea, akupe miguu ya kwenda na mlango utakaofunguliwa. Nenda salama, mwanangu. Jumatatu nataka kuona hiyo programu yako, na utanieleza kila mstari kwa mdomo wako.