Muziro wa Nyumba ya Kagoma

Wazee wa mchumba wangu pale Kitendaguro hawakunikataa kwa umaskini wala kwa dini. Walinikataa kwa ajili ya samaki. Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kitu ambacho watu wake hawali, na wenye muziro mmoja ni ndugu, hawaoani. Wao hawali kamongo. Nasi kule Kibeta marehemu baba alitukataza kamongo tangu utotoni, ingawa tulikuwa Waislamu wa mjini na hakuna aliyetueleza sababu.

"Wewe ni kaka yake," baba wa mchumba aliniambia. "Utamwoaje dada yako?"

Sina tabia ya kuacha jambo nusu. Baba aliwahi kusema kwamba babu alitokea Kagoma, Muleba. Nikapanda lori la kahawa, nikaulizia nyumba ya wasiokula kamongo.

Ilikuwa nyumba ya nyasi, ya zamani, ndani ya migomba iliyosongamana hata adhuhuri ikafanana na magharibi. Alibaki humo bibi mmoja asiyeona, binti wa aliyekuwa mwenye kibanja hicho cha migomba. Nilibisha hodi, nikaingia, nikaketi kwenye nyasi zilizotandikwa kando ya mlango. Hakuna aliyenionyesha mahali.

Bibi alisikiliza nilivyoketi. Kisha akauliza kwa Kihaya, "Maji umeleta?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeshashika shingo ya mtungi ndipo nilipojiuliza ninafanya nini.

"Waitu, mimi ni mgeni," nilisema kwa heshima. "Natoka Bukoba."

"Mgeni hukaa huku motoni. Hapo ni pake yeye." Akacheka kidogo. "Na mguu unauburuta vilevile."

Mimi siburuti mguu. Lakini nilipotazama nyasi nilizozikanyaga, zilikuwa zimelala mstari mmoja toka mlangoni, kana kwamba kitu kimevutwa juu yake.

Nilimwuliza huyo alikuwa nani. Alisema baba yake alimnunua mtoto wa kiume kwa wapita njia, kutoka nchi ambayo hata mtoto mwenyewe hakuweza kuitaja. Wakampa muziro wa nyumba ili aweze kula nao. Alipokuwa mkubwa alitorokea mjini, kwa watu wa pwani.

"Basi alikuwa ndugu yenu?"

"Ndugu!" alisema. "Ndugu tunamzika kwenye migomba. Yule angezikwa huko rweya, kwenye majani matupu. Alilijua hilo." Akageuza uso kuelekea mlangoni, nyuma yangu. "Si ulilijua?"

Sikugeuka kutazama anasema na nani. Niliaga nikiwa nimeshatoka.

Nilirudi Kitendaguro na ushahidi niliouhitaji. Ili niruhusiwe kuoa, ilinibidi nisimame mbele ya ukoo wao niseme kwamba babu yangu alinunuliwa, na kwamba muziro wetu ulikuwa wa waliomnunua. Nikasema.

"Kumbe tulimwita kaka bure!" shangazi wa mchumba alisema, na wengine wakacheka.

Baba wa mchumba hakucheka. "Basi si damu yetu," alisema. "Mchukue."

Mchumba wangu alifunika uso kwa kanga. Alikuwa akilia kwa furaha. Shangazi hakuwa amemaliza.

"Na watoto je, bwana harusi? Utawaambia wasile nini?"

Watu wote walinigeukia. Nilijibu kwamba watakula kila kilicho halali. Hakuna aliyefurahia kusikia hivyo, hata mimi.