Manjaniki ya Mwamgongo

Vibarazani kwetu Kasingirima, hapa Ujiji, safari yangu hii inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Mmoja anasema nilirusha mtu hewani, mwingine anasema nilizamisha boti ya adui. Basi nimeona niiandike mwenyewe, kwa mkono huu ulioacha shule darasa la tatu na ukajenga nyumba mbili za bati.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Wavuvi wa kaskazini walikuwa wameacha kushuka Kigoma kununua vifaa, kwa kuliogopa ziwa la wakati ule. Nami ndiye niliyekuwa nauza kamba na nyavu bora kuliko zote Ujiji, asiyekubali akaulize. Nikasema, mteja asipokuja, duka litamfuata.

Asubuhi tukaondoka mwalo wa Kibirizi kwa boti ya abiria, mimi na marobota yangu. Mkono wa kulia milima inashuka hadi majini bila kuacha hata mahali pa kutandika mkeka. Upepo wa kusini ulitusukuma vizuri, ila kila ulipotusukuma ulikuwa umezidi kidogo. Abiria walinyamaza mmoja mmoja. Mimi nilikula mihogo yangu.

Alasiri tukafika Mwamgongo. Nilifikia kwa Ruhuza, kiongozi wa wavutaji wa kokoro, wavu ule mrefu unaovutwa kutoka nchi kavu.

"Mwakeye, Bwana Rama," akanisalimu. "Tumbo limefika. Mwenyewe yuko nyuma anakuja?"

"Tumbo hili limelipiwa kodi," nikamjibu. "Lako lina nini?"

Tulicheka, tukala migebuka, tukalala.

Kulipopambazuka, kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Boti iliyotoka Burundi ilikuwa imevunjikia usiku kwenye mwamba ulio mbele ya kijiji. Wengine waliogelea wakafika. Juu ya mwamba walibaki wanawake wawili, mmoja kijana na mmoja mzee, na kati yao na sisi maji yalikuwa yakichemka meupe. Mtumbwi mmoja ulikwishajaribu, nao sasa ulikuwa vipande. Kila wimbi lilipanda mwamba juu kidogo kuliko lililotangulia. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba jioni haitawakuta pale.

Mmoja wa walioogelea alikuwa Salvatori, mwalimu wa historia, mume wa yule kijana. Alisimama katikati yetu akitetemeka ndani ya koti la mvua la Ruhuza, kofia imemfunika hadi machoni. Yule mzee alikuwa mama yake. Salvatori alikuwa amewapigia kelele mpaka sauti imekauka, na upepo haukupeleka neno.

Akanigeukia. "Hizo kamba ni zako?"

"Hakuna nyingine kama hizo ziwa zima."

"Basi kamba mnazo, nguzo mnazo, watu wa kuvuta mnao. Zamani kuta za miji zilivunjwa kwa hivyo vitatu."

"Hapa hakuna ukuta, Mwalimu," akasema Ruhuza. "Kuna maji."

"Ndiyo. Turushe kamba juu ya maji."

Akachora mtambo mchangani, nami nikautambua. Shule niliacha, lakini chuo cha Kurani kwa maalimu nilikaa. Watu wa Namrudi walipowasha moto wa kumchoma Nabii Ibrahimu, moto ulikuwa mkali hata wenyewe wakashindwa kuusogelea. Wakamrusha kwa mbali, kwa manjaniki, mtambo wa kurushia mawe.

"Ndilo hilo," akasema Salvatori. Huku tukijenga alieleza, nadhani ili asiutazame mwamba. Wayunani na Warumi walisokota kano na nywele mpaka zikabana, wakachomeka mti katikati, wakiuachia, unarusha. Baadaye yakaja ya kuvutwa na watu, yaliyoanzia Uchina. Mwisho kabisa wakaondoa watu, wakaning'iniza sanduku la udongo na mawe, likianguka linavuta lenyewe.

"Tufanye la kusokota," nikasema, maana kamba ndiyo kazi yangu.

"Kamba ya kusokotwa ikilowa inalegea. Hapa kipi kikavu? Na sanduku litatumalizia siku. Tufanye la watu."

Tulisimamisha mapanda mawili, tukalaza mti juu yake, na kwenye mti huo tukafunga nguzo ndefu ya katamarani, ile mitumbwi pacha ya kuvulia. Upande mfupi tukaning'iniza kamba za kuvuta. Upande mrefu tukafunga mfuko wa wavu: kamba yake moja imekazwa, ya pili ina kitanzi kilichovishwa tu kwenye msumari wa ncha. Nguzo ikisimama wima, kitanzi kinachomoka na mzigo unakwenda. Mimi nilishika jiwe.

"Jiwe hapana," akasema Salvatori. "Yule ni mke wangu."

Tukajaza mchanga kwenye kipande cha turubai, tukakifunga uzi mrefu. Ashike nani mfuko mpaka dakika ya kuachia? Salvatori akatazama mikono yake. "Shika wewe, Bwana Rama. Mimi natetemeka."

Ruhuza akaanza wimbo wa kokoro, watu wakavuta kama wanavyovuta kila siku, polepole, kwa pamoja, bila kulegeza. Mzigo ukapanda kwa heshima zote, ukaanguka miguuni mwetu.

"Huyo si samaki, msimbembeleze," akasema Salvatori. "Pigo moja tu."

Ruhuza akafikiri, akabadilisha wimbo. Akachukua ule wa kuburuta mtumbwi mpya, ambao watu wananyamaza, wananyamaza, kisha wanavuta kwa mara moja. Nikaning'inia kwenye mfuko kwa uzito wangu wote, nguzo ikapinda, nikaachia. Uzi ulipita angani ukalala juu ya mwamba, katikati kabisa. Kurusha kama kule sijaona kwingine.

Hakuna aliyeushika. Wale wanawake walijibanza nyuma ya mwamba, na wimbi likaurudisha uzi. Nikarusha tena, vilevile. Yule kijana akamfunika mama kwa mwili wake.

"Wana nini hawa?" nikauliza.

"Wamekimbia vita," akasema Ruhuza, "na watu wasiowajua wanawatupia vitu. Mimi pia ningejificha."

Salvatori alivua koti na kofia yake, uso ukawa wazi, akaingia majini hadi magotini, akasimama pale peke yake mpaka kichwa kikachungulia kule. Kisha akarudi akashika mfuko mwenyewe.

Alirusha vibaya. Uzi ulikwenda pembeni, ukagusa ukingo tu. Lakini Esperansi, ndilo jina la mkewe, aliuparamia kwa tumbo na kuudaka.

Kwa uzi ule wakavuta kamba yangu nene na madumu matupu ya kuelea. Mama akaja kwanza, akivutwa majini, sasa kwa wimbo wa kokoro, polepole. Esperansi akaja wa mwisho, kamba kiunoni, goti limechanika.

Siku ya tatu, upepo ulipotulia, nilirudi nao Kigoma kwa boti ileile, wakapande gari la kambini. Njiani Salvatori alianza tena habari za kuta na wafalme. Mkewe akamkatiza.

"Hizo zote ni za waliokuwa wanarusha. Waliokuwa ndani walisema nini?"

"Haikuandikwa sana," akasema Salvatori.

Mimi nimeandika. Nilirusha mara mbili, vizuri kuliko mwalimu, na mashahidi ninao Mwamgongo nzima. Lakini uzi wangu uliogopwa, na wake ukashikwa.