Nilivyobadili umeme wa trekta la mkwe wangu, moshi ukafuka kabla halijawaka

Wakuu, salaam kutoka Kasongo.

Naona humu wengi mnauliza habari za mashine za zamani, na wengine mnajibu mambo mliyosikia tu. Haya yangu nimeyafanya kwa mikono yangu. Siongezi chumvi.

Kazi yangu ni kufunga sola. Ukiona taa inawaka dukani pale Wamaza baada ya magharibi, kuna uwezekano mkubwa nimeifunga mimi. Najisifu, ndiyo, nisubiri nani?

Mke wangu Feza anatoka huko huko Wamaza. Baba yake, Mzee Sumaili, aliendesha trekta enzi za shamba la pamba. Wenye shamba walipoondoka walimwachia lile trekta, na tangu hapo ndilo linalolima mpunga na karanga za ukoo mzima.

Ni la petroli, umeme wake volti sita. Batri za volti sita huku huzipati, na ile yake ilikuwa imechoka, inatoa cheche za plagi tu. Kwa hiyo mzee aliliwasha kwa manivela, kile chuma cha kuzungusha kwa mkono pale mbele.

Msimu uliopita manivela ilirudi kwa nguvu, ikamtegua bega.

Basi Kitenge, mwanawe mkubwa, mchuuzi wa Salamabila, akatoa amri yake: mvua za kupanda zikianza na mashine haiwaki kwa ufunguo, inakatwa, inauzwa chuma. Mzee akachukua kitambaa akaenda kulifuta vumbi.

Feza akaniambia, "Bakikata ile mashine, baba naye hatakaa muzima."

Nikamwambia aniachie mimi.

Sasa nyinyi mafundi, hapa sikilizeni. Nilitoa dinamo, ile ya zamani ya kuchaji batri, nikaweka alternata ya pickup iliyokufa kule Salamabila. Niliibeba mapajani kwenye pikipiki, na barabara ile mnaijua. Kishikio nilikichomelea kwa chuma cha kitanda. Koili mpya ya volti kumi na mbili, balbu mpya, batri ya kumi na mbili.

Starter niliiacha ile ile. Inazunguka kwa fujo kidogo, lakini usipoishikilia muda mrefu haina shida. Na kabla hamjauliza: hapana, ukigeuza chanya na hasi za batri haizunguki kinyume. Tulieni.

Kitu kikubwa ni hiki. Trekta lile lilikuwa positive earth, yaani chanya ya batri ndiyo inafungwa kwenye bodi, chuma cha trekta lenyewe. Alternata haitaki hivyo, inataka hasi ndiyo iende kwenye bodi. Kwa hiyo nikageuza. Kwangu lilikuwa jambo dogo kabisa.

Sasa mila yetu. Huku kwetu mkwe si mtu wa kupiga naye soga. Hukai naye mkeka mmoja, huli naye sahani moja, na kumfundisha kazi yake ni matusi. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mkeo.

Nikamwambia Feza: mwambie baba nimeweka batri yenye nguvu, kesho tunawasha. Akaenda akasema hivyo hivyo. Habari ya kugeuza sikumpa. Niliona nitamchanganya bure, na yeye mzee nani atampa somo la trekta lake? Nikalegeza nyaya za batri kwa usalama, nikaenda kulala kwa shemeji nikiwa na raha zangu.

Asubuhi wingu limeshuka. Watu wamejaa uwanjani, Kitenge kaja na jamaa wa kununua vyuma. Mzee Sumaili kavaa shati la kanisani. Nilipofika ameshainama kwenye batri, anakaza nyaya mwenyewe.

Cheche! Halafu moshi mweupe kutoka kwenye alternata. Niliruka nikachomoa waya kwa mkono mtupu, gumba langu likaungua.

Watu wakarudi nyuma.

Kitenge akasema, "Mi nilisema. Hii iko chuma ya kupima kilo."

Nilipotazama nyaya nikaelewa palepale. Chanya ilikuwa imefungwa kwenye bodi, kama alivyoifunga maisha yake yote. Mzee naye alikuwa ananiangalia mimi, si moshi. Kisha akaingia ndani.

Wakuu, nilikuwa na njia rahisi. Ningesema alternata ilikuwa mbovu, ni ya kuokota, nani angebisha? Mzee angebaki na heshima yake na trekta lingekwenda na yule jamaa. Au ningesema ukweli mbele ya wanawe, nikamvua nguo. Nilichukia vyote viwili.

Nikamfuata ndani. Feza alinishika mkono mlangoni, nikapita.

"Baba, unisamehe. Ile batri niligeuza makusudi. Hii alternata inataka moins, ile hasi, ku chuma. Sikukuambia."

Akasema, "Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilisikia haya. Weye iko baba."

Akatikisa kichwa, kisha akaanza kucheka, mabega yote mawili yakicheza, hata lile bovu. "Mukwe wangu. Mi pia niliona umefunga mubaya. Nikasema, nikimuambia, bibi yake Feza atasikia, atapata haya. Nikageuza kimya kimya, usipate haya mbele ya batu."

Nilitaka kulia, wallahi. Watu wawili tunaheshimiana mpaka tunaunguza mashine.

"Sasa," akasema, "unifundishe."

Tukatoka pamoja. Nikamwonyesha mbele ya wote, na yeye akauliza mbele ya wote. Alternata diodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zilikuwa zimeungua, nikatenga waya wake. Kuwasha injini hakuihitaji, batri peke yake inatosha, na kuchaji nina paneli zangu za sola. Hapo ndipo nilipojua sikukosea kuchagua kazi.

Mzee akafunga batri kwa mkono wake, hasi kwenye bodi. Akapanda, akanipa mkono nami nikasimama pembeni yake. Akageuza ufunguo.

Liliwaka kabla hajauachia.

Jamaa wa vyuma aliondoka bila kuaga. Kitenge alikwenda kufungua njia ya kuingilia shamba, mwenyewe, bila kutumwa. Mchana mzee aliniita tukala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, sahani moja, na wamama wakaziba midomo kwa mshangao.

Alternata nimeshaitia diodi nyingine, inachaji vizuri.

Funzo ni hili: ukigeuza kitu kwenye mashine ya mtu, mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, hata kama ni mkwe. Heshima ya kunyamaza inaweza kukatisha mashine vipande.

Tatizo langu sasa ni moja tu. Mzee amezoea. Ananisahihisha kila kitu mbele ya kila mtu, hadi ninavyofunga kamba za viatu. Na ninafurahi, sijui nina nini.

Haya, mafundi wa mashine za zamani, mlioona nilipokosea semeni wazi wazi. Humu hakuna mkwe.