Vijiti vya Harusi ya Tajiri Wangu

Mwaka 2013 nilikuwa mtunza stoo wa Mhindi mmoja aliyeuza mabati na saruji Lodwar. Binti yake alikuwa anaolewa katika ukoo wa kifalme kule India, ufalme uliobaki na jina na masharubu tu, na wakwe wakataka ngoma ya vijiti ichezwe alikozaliwa bibi harusi, hapo hapo Lodwar. Tajiri akaagiza vijiti. Vilikuja na lori la kwenda Kakuma, vikavu, vimefungwa kwa kamba, bila hata rangi. Sasa niambie, Turkana hii ya kuni za shida, nani asingedhani ni kuni akampa mpishi? Tulichemshia chai siku tatu.

"Stoo, ile fimbo ya kucheza iko wapi?" tajiri akaniuliza sherehe ikiwa kesho. "Kama hakuna, mkwe nasema mimi iko maskini. Na wewe narudi kwenu Kitale."

"Iko salama, mzee." Uongo ulinitoka laini kabisa.

Nikakimbilia sokoni kwa mama wa Kiturkana aliyeuza miswaki ya mti, nikamwomba anikatie minene kama kidole gumba, mirefu kama mkono.

"Ejok, sawa, lakini hii itaingia mdomo ya nani?"

"Ya ngamia, mama."

Nikaizungushia riboni nyekundu, ikapendeza.

Siku yenyewe wanawake wa kwa bibi harusi waliimba nyimbo zao za kale za kuwatania wakwe. Hata mimi nisiyejua lugha niliona kuna masharubu yananyolewa pale. Safu mbili zikakabiliana, vijiti vikagongana. Badala ya kulia ta-ta vikalia du-du, kama mtu anayepiga godoro. Maganda yakaruka, harufu ya mswaki ikajaa uwanja mzima. Tajiri akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nyanya wa bwana harusi, mwenye dhahabu mpaka puani, akasimamisha ngoma. Akanusa kijiti chake, akang'oa riboni, akakiuma. Nikajua nimekwisha. Kumbe anasugua meno, mbele ya wafalme wote, huku machozi yanamtoka. Tajiri akanitafsiria kwa sauti ya chini: mti huo ulimea kijijini kwao, na alipoolewa walimkataza kuutumia, eti ni wa maskini. Tangu ujana wake hakuwa ameuonja.

"Nasema wewe naleta ingine," tajiri akaongeza. "Mzigo mzima."

Niliuleta, na nilifurahi kuliko nilivyostahili. Siku ya kuondoka nyanya yule alipanda ndege akiwa bado anatafuna mswaki, na hakuna mwanamume hata mmoja wa ukoo ule wa kifalme aliyethubutu kumwambia autoe mdomoni.