Pumzi ya Mwokaji Mikate

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na saba. Hapana, kumi na nane, maana mzabibu wangu haukuzaa. Mwokaji mikate wa mtaa wetu hapa mjini Kutaisi alikuwa na mikono isiyobakiwa na hata unywele mmoja kwa sababu ya moto, na akikanda unga aliimba wimbo puani tu, bila maneno. Tanuri lake ni kama mtungi mkubwa wa udongo. Huzama humo kichwa mbele, miguu ikaacha sakafu, akabandika donge la unga kwenye ukuta wa ndani, akaibuka mwekundu, siku nzima hivyo. Alipoomba mwenzake wa kupokezana, Jumberi mwenye duka lile la mikate alimcheka: “Kazi ya unga hiyo, ndugu yangu! Hata mama yangu anaoka.”

Ndipo akaja Natela wa chuo kikuu, anayepima kazi zinavyouchosha mwili. Akamfunga mwokaji kifuani ukanda wenye kifaa cha kupima mapigo ya moyo, na ukanda mwingine akamfunga mpagazi wa soko. Mwokaji akazama. Simu ya Natela, iliyounganishwa na kifaa kile, ikapiga kelele: mtu ameanguka! Akazama tena, ikalia tena, foleni ya wanunuzi ikavunjika mbavu kwa kicheko. Lakini jioni, kwenye simu ileile, moyo wa mwokaji ulikuwa umekimbia zaidi kuliko wa mpagazi. Akina mama wakamgeukia Jumberi: “Haya, kamwite mama yako azame!” Jumberi akainua mikono, akakubali kuajiri mwingine.

Jumatatu mwokaji wa pili alizama tanurini, na wetu akakaa kitini, akaimba wimbo ule kwa maneno yake yote, sauti ikafika mtoni. Nikamuuliza, nikawauliza na wengine: sauti kubwa namna ile, miaka yote aliiweka wapi?