Shimo la Nguzo ya Mwisho

Sahro alitaka bohari la kufungwa kwa bolti, si la matofali, na hakutueleza kwa nini. Sisi wanawake wa chama cha ngozi hapa Garissa tulimwona mkaidi tu. Kiwanja chetu kimebanwa kati ya gereji ya malori na ukuta wa kichinjio, hata punda akigeuka anajikwaruza ubavu, kwa hiyo fremu sita za chuma zilikatwa Nairobi kwa kipimo cha kiwanja chenyewe, zije kuunganishwa tu. Nilikubali kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia na ngozi zetu zilikuwa zinaoza chini ya turubai.

Sahro ni mtu wa Sangailu. Alifika hapa mwaka ule wa ukame uliomaliza ng'ombe wao, amebeba binti mgonjwa, wakati sehemu hii ilikuwa bado vichaka nje ya mji. Binti huyo hatukumwona tena, nasi hatukuuliza. Baadaye Sahro alianza kununua ngozi na kuzitia chumvi papa hapa, na alipopewa kibanda sokoni alikikataa. Ni yeye aliyekipigania kiwanja hiki mpaka kikawa cha chama.

Siku mafundi walipochimba mashimo ya nguzo, alikuwa amekwenda kuchukua chumvi. Aliporudi alimkuta Kanchora, fundi mkuu, Mborana wa Wajir, amesimama ndani ya shimo la nguzo ya mwisho, ya fremu ya sita. Sahro aliangusha gunia, akaingia shimoni na viatu vyake, akakaa.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimfokea kwamba mvua haitatungoja, na kama ni wazimu akaufanyie kwake.

"Abaayo," akaniambia, yaani dada, "hapa iko mtoto yangu. Hamdi."

Ndipo akaeleza, polepole. Alidhani bohari la kufunga na kufungua ni kama aqal, nyumba yetu ya fito na mikeka, ambayo mwanamke huisimamisha, akahama nayo juu ya ngamia, asiache hata shimo la maana. Alidhani Hamdi angebaki salama chini, na mwishowe apate kivuli. Hakuna aliyemwambia kwamba nguzo ya chuma huchimbiwa na kumwagiwa saruji. Niliona aibu, nikaketi ukingoni mwa shimo nikalia.

Sheikh alipoitwa alisema juu ya kaburi hapajengwi. Nguzo nayo haikuwa na pa kusogezwa, huku gereji, huku ukuta. Basi tukakubaliana bohari liishie fremu ya tano, na ngozi zitakazokosa nafasi zilowe kama zitalowa. Nilisema zianze zangu.

Kabla ya kufukia, Sahro alimwuliza Kanchora kama walikuwa wamemfikia.

"La, mama," akasema Kanchora. "Hatukumfikia."

Nyuma yake, juu ya udongo, lilikuwa limelala jiwe bapa, moja ya yale tunayomfunikia maiti kaburini. Nilikuwa nimemwona akilinyanyua kutoka shimoni, nikadhani ni jiwe tu. Sahro naye alikuwa analitazama. Alimshukuru Kanchora, akamwombea dua, kisha akaomba apewe lile jiwe. Alilirudisha mwenyewe mahali pake, akaziba nyufa zake kwa udongo aliouloweka kwa maji ya kunywa, ili mchanga usimwingie mtoto.