Sindano ya Mgeni Rasmi

Ng'ombe akigombewa na wachezaji kumi na mmoja, akashangiliwa na kata nzima, kisha akaponywa na mtu mmoja, ni wa nani? Swali hili niliulizwa kwa mara ya kwanza katika uwanja wa mpira huko Handeni, mbele ya watu wenye njaa, nikashindwa kulijibu. Nimelirudia mara nyingi tangu hapo, na sasa ninyi vijana mnaponitaka niwaeleze udaktari wa timu ulikuwa kazi ya namna gani, naona siwezi kuanza bila kukiri kwamba bado sina jibu.

Siku yangu ya kwanza katika kazi hiyo ilianzia kwenye josho, yaani lile birika refu la maji ya dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kuua kupe. Nilikuwa Afisa Mifugo wa kata, mwenye shahada ya chuo kikuu na buti zilizojaa matope. Watu wa kata hiyo, Mnyuzi, waliniita Daktari, kwa kuwa huku kwetu mtu anayebeba sindano hana jina jingine. Asubuhi hiyo akanijia Mzee Mhina, Mwenyekiti wa Stesheni United, amevaa suti.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Daktari. Timu inakuhitaji. Kanuni za Kombe zinasema timu haiingii uwanjani bila daktari."

"Mzee wangu, mimi ni daktari wa ng'ombe."

"Kanuni hazikusema wa nini."

"Sijawahi kutibu mtu hata siku moja."

"Ng'ombe ana miguu mingapi?"

"Minne."

"Sisi tuna miwili miwili. Kazi yako imepungua nusu."

Stesheni United haikuwa katika ligi yoyote. Haikuwa na daraja la kupanda wala la kushuka, na kwa sababu hiyo mashabiki wake walikuwa watu wenye furaha kuliko wote niliowahi kukutana nao katika michezo. Walichokuwa nacho ni Kombe, mashindano ya kata za Korogwe na Handeni ambayo bingwa wake hakupewa kikombe bali dume la ng'ombe. Msimu uliotangulia dume lililotangazwa lilikuwa nene kama gari, lakini lililokabidhiwa siku ya fainali lilikuwa ndama aliyekuwa akimlilia mama yake. Baada ya fujo zilizofuata, ikawekwa kanuni kwamba zawadi ionekane katika kila mechi, tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Dume la msimu wetu lilikuwa jekundu, lenye nundu iliyoinamia kushoto. Lilifungwa kando ya meza kuu, chini ya turubai, kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine. Katika mechi ya ufunguzi mtangazaji alisema, "Sasa tumkaribishe mgeni rasmi aseme neno," na kabla kiongozi aliyealikwa hajainuka, dume likatoa mlio mrefu uliotulia. Uwanja mzima ukapiga makofi. Kuanzia siku hiyo halikuitwa jina jingine ila Mgeni Rasmi.

Kabla sijaketi kwenye benchi la ufundi, mahali pa kocha, wachezaji wa akiba na daktari, nilikwenda kuomba ruhusa kwa mkuu wangu wa kazi, Afisa Mifugo wa Wilaya. Alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno, na alinisikiliza huku akisafisha miwani.

"Kwa binadamu," alisema, "usivuke maji, barafu na bandeji. Kikizidi hapo, zahanati. Kwa mnyama, fanya ulichosomea. Lakini kumbuka, dawa haijui kombe."

Nilidhani ametania. Nilikuja kumwelewa baadaye, mtu akiwa ameshika kisu.

Mechi ya kwanza tulicheza nyumbani dhidi ya Magoma. Daktari wa timu haingii uwanjani mpaka mwamuzi ampungie mkono, na mimi nilipopungiwa mkono mara ya kwanza nilitoka mbio na mkoba wangu, mashabiki wa Magoma wakainuka kwa pamoja.

"Bwana Mifugo huyo! Mkague meno!"

"Mpe chanjo, asiambukize wenzake!"

"Usihangaike, baba, mchinje tu!"

Nilimpaka mchezaji dawa ya zambarau gotini, nikamfunga bandeji, akainuka akacheza. Kufikia mwisho wa mechi nusu ya timu yetu ilikuwa na magoti ya zambarau, na wapinzani wakasema sisi si timu bali ni mitamba, ng'ombe majike wachanga, waliotiwa alama. Tulishinda. Kuanzia hapo wachezaji wakaniomba niwapake zambarau kabla ya mechi, hata wasio na kidonda, na kocha, ambaye alikuwa mtu wa imani nyingi, akaiingiza dawa hiyo katika mbinu zake.

Nusu fainali tulipanda Dindira. Aliyewahi kufika huko anajua jinsi ukungu unavyoshuka kutoka kwenye mashamba ya chai bila kubisha hodi. Kipindi cha pili ukashuka uwanjani. Kwanza tulipoteza lango la mbali, kisha mpira, kisha mwamuzi, ambaye tulimfuata kwa filimbi tu. Bao letu la ushindi halikuonwa na mtu yeyote isipokuwa kipa wa Dindira, na mwamuzi alipomwendea na kumuuliza, "Limeingia?" yule kijana mwaminifu akajibu, "Limeingia, refa." Sijawahi kuona ungwana wa namna ile tena, ingawa kusema kweli hata siku hiyo sikuuona, niliusikia tu.

Dakika za mwisho nikasikia mtu anaugua nyuma ya lango letu. Nikakimbilia sauti, nikapiga magoti, nikapapasa nitafute goti. Nilipapasa nundu.

Mgeni Rasmi, aliyefungwa huko siku hiyo, alikuwa amelala. Masikio yake yalikuwa ya moto. Nilichomoa kipimajoto, ambacho kwa ng'ombe huwekwa mahali ambapo nisingethubutu kumwekea kipa wetu, na kikasoma homa kali. Ufizi ulikuwa umepauka kama karatasi, na kinyesi kilikuwa kigumu kama jiwe. Ilikuwa ndigana baridi, ugonjwa wa kupe unaommaliza mnyama damu kidogo kidogo. Kutembezwa kutoka uwanja hadi uwanja kulikuwa kumemchosha, na kupe wakamaliza kazi.

Mratibu wa Kombe, mfanyabiashara wa mahindi aliyelitoa dume hilo, alifika akihema.

"Mtibu, Daktari. Nikifika fainali na mzoga, watanifanya mimi zawadi."

"Nitamchoma sindano. Ila nyama yake haitaliwa mpaka wiki nne zipite. Dawa inakaa mwilini. Tunauita muda wa kusubiri."

"Hilo ni la mshindi," akasema, akageuka.

Nilimchoma shingoni pale pale, ndani ya ukungu. Kisha nikamweleza Mzee Mhina. Kwanza alikunja uso, halafu ukamchangamka.

"Tukishindwa fainali, tatizo litakuwa la Handeni?"

"Ndiyo, mzee. Nami nitawaambia."

"Basi usiwaambie vijana wetu sasa. Utawavunja moyo. Na Handeni wale ni wazuri mno, hatuwezi kuwafunga."

Nilikubali. Niseme ukweli kwamba nilikubali kwa sababu niliamini, kama yeye, kwamba tungefungwa. Nadhani ndiyo mara pekee ambapo mwenyekiti na daktari wa timu moja walisafiri kwenda fainali wakiwa wameweka matumaini yao yote kwa wapinzani.

Wiki iliyofuata tulikwenda Handeni kwa lori. Nilikaa ubavuni mwa Mama Rukia, mama lishe wa stesheni na kiongozi wa washangiliaji, aliyekuwa amepakia mchele, viungo, na masufuria makubwa ya kuazima, yale yanayotumika misibani.

"Daktari, wewe unapenda ini au mbavu?"

"Mama, tushinde kwanza."

"Mwenyekiti naye kanijibu hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Mna nini ninyi wawili?"

Nikatazama mashamba ya mkonge yanavyopita.

Mechi iliisha bila bao, ikaja mikwaju ya penalti. Mgeni Rasmi, aliyekuwa amepata nafuu, alikuwa akicheua chini ya turubai kama mtu asiyehusika. Kabla ya mkwaju wa mwisho wa Handeni, kipa wetu Kilua akaanguka, paja limekaza. Mwamuzi akanipungia mkono.

"Mchinje huyo!" wakapiga kelele watani zetu wa Handeni. "Ng'ombe wa kwanza huyo, wa pili yuko mezani!"

Nilimnyoosha mguu. Aliniangalia usoni.

"Dokta, niambie ukweli. Nitaweza?"

Kipa wa akiba alikuwa mpwa wa Mwenyekiti, kijana mwema aliyekuwa na desturi ya kufumba macho mpira ukimjia. Neno langu moja lingemwingiza yeye, Handeni wangeshinda, na mimi ningekula wali wangu kwa amani. Nilimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa akitazama mawingu.

"Utaweza," nikasema.

Akaweza. Aliupangua mpira kwa kiwiko, Mnyuzi nzima ikaingia uwanjani, na Mzee Mhina akanikumbatia akininong'oneza, "Umetuua, Daktari."

Nilipojinasua, Mgeni Rasmi alikuwa amekwisha kulazwa kuelekea kibla. Maji yalikuwa yakichemka. Nikajipenyeza katikati ya kisu na shingo, nikasema yale niliyopaswa kusema tangu Dindira.

Mwenye kisu akarudi nyuma hatua moja. Kisha kila mtu akasema kwa pamoja. Nahodha alisema dume ni la wachezaji, kwa kuwa wao ndio waliotoka jasho, na wao wako tayari kula. Mashabiki walisema ni lao, kwa kuwa bila wao wachezaji wangekuwa vijana wanaokimbia ovyo jioni. Mwenyekiti alisema ni la klabu. Hapo akatokea mchinjaji mmoja wa Handeni, mtu mpole mwenye aproni, akasema anaweza kulichukua dume, naye atupatie nyama iliyo tayari buchani kwake.

Mwenyekiti akanikonyeza. "Hawa ni watani zetu. Matumbo yao yatavumilia."

"Nyama haitoki machinjioni bila muhuri," nikasema, "na mimi sitaupiga. Nitamwambia na mwenzangu wa hapa asiupige."

"Tuyaache hayo," akasema yule mchinjaji. "Kwanza ng'ombe ni wa nani? Nizungumze na nani?"

Watu wakaonyeshana vidole. Kisha vidole vyote vikanigeukia mimi, msomi, nitoe hukumu. Nikainama kukagua kamba ya dume.

Aliyeniokoa ni Mama Rukia. Alikuja na mwiko mkononi, akasimama mbele yangu karibu kiasi cha kunitia mvuke.

"Daktari, niangalie. Wewe mwenyewe ungempa mwanao nyama hii leo?"

"Nisingempa."

"Basi." Akafunika sufuria kwa kishindo. "Nendeni sokoni mkaniletee maharage."

Hivyo ndivyo mabingwa wa Kombe walivyokula pilau kwa maharage, huku zawadi yao imesimama kando ikiwatazama. Nahodha alisema hajawahi kuona ubingwa unaojaza gesi namna ile. Mwishowe wakaamua jambo moja tu, kwamba aliyemchoma sindano amtunze, na dume likaja kukaa nyumbani kwangu.

Wiki zile nne zikaisha. Kila walipokutana kupanga siku ya kuchinja, lile swali la mchinjaji lilirudi, wakagombana, wakaahirisha. Wakati huohuo wafugaji wakaanza kuleta majike yao uani kwangu kumtembelea Mgeni Rasmi, na leo ukipita Mnyuzi utaona ndama wekundu wenye nundu zilizoinamia kushoto. Timu haikuwahi kuchukua Kombe tena. Nilibaki kwenye benchi msimu baada ya msimu, mpaka magoti yangu mwenyewe yakahitaji zambarau, ndipo nikaomba kustaafu udaktari wa timu, si ule wa ng'ombe ambao bado unanilisha.

Katika kazi hii nimejifunza kwamba mtu hashukuriwi kwa ugonjwa ambao haukutokea. Hakuna aliyewahi kunipa mkono kwa tumbo lisilomuuma. Nimejifunza pia kwamba kitu kinachomilikiwa na wote hulindwa na ugomvi wao. Nilihofia siku watakayopatana.

Wakapatana juzi. Kamati iliniita, na Mzee Mhina, aliyezeeka lakini bado ana suti ile ile, akasimama. "Daktari, umetutumikia. Tumekubaliana kwa kauli moja. Kesho Mgeni Rasmi atachinjwa kwa heshima yako. Mama Rukia atapika."

Walipiga makofi hadi nikalengwalengwa na machozi. Kukataa heshima ya namna hiyo ni kuwatukana wazee, nami sikukataa. Nilirudi nyumbani, nikaketi uani. Dume lilikuja likaweka pua begani mwangu, kama kawaida yake. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha. Mvua zikianza, mnyama huchomwa sindano ya minyoo na kupe. Ndivyo nilivyosoma, na ndivyo ninavyowaagiza wafugaji wote wa kata. Kitaalamu ningeweza kungoja wiki moja zaidi. Hilo nalijua. Nikaamua kutongoja.

Asubuhi, kabla umande haujakauka, nilivuta dawa kwenye bomba la sindano, nikaikunja ngozi nyuma ya bega, nikachoma. Nilikuwa bado nasugua mahali pale kwa kiganja nilipomsikia Mama Rukia akiingia uani na sufuria kichwani. Aliitazama sindano. Akalitazama dume.

"Wiki ngapi, Daktari?"

"Nne, mama."

Akaitua sufuria, akaondoa kawa. Ndani yake yalikuwamo maharage, yamelowekwa tangu jana yake.